Kanuni ya Malipo Stahiki Chuoni Tolliver

Umma unatangaziwa kwamba Chuo Kikuu cha Tolliver, hapa Kentucky, kimekuwa cha kwanza kumhurumia mchezaji wa mpira wa kikapu anayelipwa kupita kiasi. Mimi, Mkurugenzi Msaidizi wa Michezo, nilikuwa katibu wa kamati iliyoshughulikia jambo hilo, kwa hiyo naeleza nilichokishuhudia.

Mchezaji mwenyewe ni Dorsey Pettigrew, kijana wa mwaka wa tatu, mrefu kiasi cha kuinama kila anapoingia darasani. Chuo humlipa dola milioni mbili kwa mwaka. Jambo hilo lilimkosesha raha kocha wetu, Grady Stallworth. Alitueleza kwamba vijana wanaochaguliwa mwishoni, timu za ligi ya kulipwa zinapogawana wachezaji wapya, hupata pungufu ya hapo, na kwamba fedha nyingi huharibu moyo wa kijana. Kocha hupata milioni saba, lakini moyo wake ulishakomaa.

Basi tukatunga kanuni: mtu yeyote anayelipwa na chuo kwa sababu ya kikapu apewe kile ambacho timu za kulipwa zingekuwa tayari kumpa, si zaidi wala pungufu. Tuliandika "mtu yeyote" kwa sababu kutaja jina la Dorsey kungeonekana kama chuki binafsi. "Wala pungufu" tuliiongeza ili isikike vizuri.

Dorsey aliitwa kupokea habari hizo. Alikuja na mama yake, Bi Vernell, karani wa mishahara katika hospitali ya mjini. Kocha alizungumza nusu saa juu ya unyenyekevu. Kijana alikuwa akitazama viatu vyake tu. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa, maana nyumba anayoishi bibi yake inalipiwa na fedha hizo.

Bi Vernell hakubishana. Aliomba karatasi, akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Kocha, hii imeshapitishwa?"

"Kwa kauli moja, mama."

"Na wewe si unalipwa kwa sababu ya kikapu?"

Kocha alicheka, akasema timu za kulipwa zingemgombania.

"Basi waandikieni wote," alisema Bi Vernell. "Mwanangu na wewe. Mimi sina haraka."

Kanuni ni kanuni. Niliandika barua kwa timu zote thelathini za ligi ya kulipwa, na kwa klabu chache za nje ili kuonyesha uadilifu, kuuliza zingewapa kiasi gani. Majibu yalifika ndani ya wiki mbili. Karibu timu zote zilimshukuru Kocha kwa mchango wake katika malezi ya vijana. Timu moja ilikuwa na nafasi ya mtu wa kukata vipande vya video za mazoezi, chakula cha mchana juu yao. Kuhusu Dorsey, timu za hapa nyumbani hazikuchangamka, kama Kocha alivyotabiri. Lakini klabu moja ya Istanbul ilitaja milioni tatu.

Kamati ilikaa kwa muda wa saa tano ikitafuta mwanya. Mwanasheria wa chuo alisema hajawahi kuona kanuni iliyoandikwa vizuri namna hii.

Dorsey ameongezwa milioni moja. Kocha analipwa kama mkata video, ila kwa heshima tumemwachia cheo.

Jana Bi Vernell alinipigia simu, kwa upole kabisa, kuuliza barua ya mshahara wangu mimi nimeipeleka timu gani. Nilimjibu kwamba bado natafuta anwani.