Malalamiko Kuhusu Sala Zenye Anwani

Kwa Baba Askofu,
Ofisi Kuu ya Dayosisi.

Baba Askofu mpendwa katika Bwana,

YAH: KUOMBA TURUDISHIWE SALA ZA ZAMANI

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na nyumba yako. Mimi ni mzima, ukiondoa shinikizo la damu. Daktari amesema halitokani na chumvi. Nilipomuuliza linatokana na nini, akaniuliza nasali usharika gani. Nikamtajia, akatikisa kichwa akaandika dawa.

Mimi ni mzee wa kanisa kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, mwimbaji wa besi kwa mwaka wa thelathini na moja, na mwenye karakana ya kushona sare za shule, ile iliyo nyuma ya stoo ya mbao, yenye cherehani arobaini na mbili. Si mtu wa kulalamika. Ukiacha zile barua tano kuhusu kengele, sijawahi kukusumbua. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue yamenifika hapa shingoni.

Kabla ya yote niseme wazi kwamba siipingi haki. Haki naipenda tangu utotoni. Waraka wako ulipotufikia, ukisema kila usharika uunde Kamati ya Haki na Ushuhuda, mimi ndiye niliyeunga mkono hoja, tena kwa kusimama. Nilidhani itakuwa kamati kama kamati nyingine. Tunayo Kamati ya Zulia, huu mwaka wa sita, na haijamnyima mtu usingizi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sala kupewa anwani. Mchungaji wetu mstaafu alikuwa akiomba hivi kila Jumapili: "Tunawaombea wote wanaoonewa, popote walipo." Basi, imeisha. Ilikuwa sala ya heshima, Baba Askofu. Anayeonewa aliitikia amina, anayemwonea naye aliitikia amina, kisha wote tukapeana mikono mlangoni tukaenda kula. Mchungaji mpya, mama mmoja wa makamo anayevaa raba nyeupe chini ya joho, akaibadilisha wiki ya kwanza tu. Alisema Mungu anajua walipo, ila sisi ndio hatujui. Kwa hiyo anayeleta ombi la mtu anayeonewa ataje mahali, ataje mlango, na ataje saa. Likishatajwa, Jumamosi inayofuata kwaya inakwenda kuimba palepale. Watu wanamwita Mchungaji Miguu. Mimi simwiti hivyo, nawasikia tu.

2. Utaratibu huu unafanya kazi. Hapa ndipo kwenye kasoro yenyewe, na naomba uisome pole pole. Ombi la kwanza lilihusu mabomba ya mtaa wa chini, yaliyokuwa makavu tangu mwaka uliopita. Tukaenda kuimba mbele ya ofisi ya maji. Nilikwenda, nakiri, na niliimba kwa furaha mpaka sauti ikakauka, kwa kuwa sina bomba mtaa wa chini wala simjui mtu wa ofisi ya maji. Siku ya nne maji yakatoka. Ombi la pili lilihusu zahanati, ambako wajawazito walisimama foleni juani huku mabenchi yamefungiwa stoo yakisubiri wageni rasmi. Tukaimba. Kabla hatujafika ubeti wa tatu, mganga mkuu mwenyewe akatoka na benchi kichwani. Nilimpokea upande mmoja tukalibeba pamoja, na picha yangu ikabandikwa ubao wa matangazo. Nilijiona mtu kweli kweli. Sasa, Baba Askofu, kamati yenye tabia ya kufanikiwa inaishia wapi? Kamati ya Zulia haijanunua zulia mpaka leo, na ndiyo maana tunaishi nayo kwa amani.

3. Umbali. Ofisi ya maji iko kilomita tano kutoka kwangu. Zahanati iko kilomita mbili. Nilichukua karatasi nikachora. Haki inateremka na barabara kuu, inakuja.

4. Jumapili iliyopita ikafika. Tulipoulizwa nani ana ombi, akasimama fundi wangu wa vifungo. Mama mpole, hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja. Akaanza kwa kunishukuru kwa kumpa kazi, nami kwa mazoea nikaitikia amina, tena kwa besi. Nilipaswa kungoja. Akaendelea: mahali, karakana iliyo nyuma ya stoo ya mbao; mlango, ule mmoja wa chuma; saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kufuli nje, mafundi ndani. Akasema choo kiko uani na kufuli hufunguliwa saa nne na saa nane tu. Akasema mwezi uliopita pasi ilipiga shoti, moshi ukajaa chumba, na msimamizi alikuwa amekwenda kunywa chai na ufunguo mfukoni. Walikaa wanagonga bati dakika saba. Mshona kola, ambaye ana mimba ya miezi saba, alizimia. Akamaliza kwa kusema haombi mtu apatwe na mabaya, anaomba mlango.

Kanisa zima likageuka. Shingo zililia, Baba Askofu, nilizisikia. Sasa na mimi nijieleze. Nafunga mlango kwa sababu vifungo vinatoka. Mwaka juzi vilitoka vifungo vyeupe mia mbili na kumi na viwili, sijui na nani. Mlango uliofungwa unamlinda fundi asishukiwe, kwa hiyo kwa kweli nafunga kwa ajili yao. Ufunguo ni mmoja tu, nao huutunza msimamizi, ili pasiwe na mkanganyiko. Kuhusu choo, ratiba hujenga nidhamu. Na kuhusu zile dakika saba, nauliza kwa unyenyekevu: dakika saba ni kitu gani kwa Mkristo anayejua subira? Ibada yako ya kusimikwa ilikuwa ya saa tano na hakuna aliyegonga bati.

5. Nyumba yangu imegeuka tawi la Kamati. Mama watoto ndiye katibu. Ombi la fundi wa vifungo lililetwa nyumbani kwangu liandikwe vizuri, likaandikwa juu ya meza yangu, kwa kalamu yangu, na mimi ndiye niliyeulizwa kama "kufuli" ni moja au ni nyingi, nikajibu ni moja. Nilipong'amua nikamwambia hilo ni kunivua nguo hadharani. Akanijibu bila kuinua macho kwamba nguo ninazo nyingi, ninazishona mwenyewe. Tangu siku hiyo tunakula tukitazama sahani.

6. Kwaya, na hapa ndipo roho ilipochomoka. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi ni kinyozi, ametunga wimbo mpya wa kuimbwa mbele ya mlango wangu Jumamosi hii. Hana chuki nami hata kidogo, na hilo ndilo baya. Ameniletea ratiba ya mazoezi kama kawaida, jina langu juu kabisa kwenye safu ya besi, kwa kuwa mwenzangu wa besi ana matumbwitumbwi. Alipokuwa akininyoa alinieleza kwamba katika ubeti wa pili sauti zote zinanyamaza, na besi peke yake inaimba neno "Fungua" mara nane, ya mwisho kwa kuivuta. Nikamuuliza, mwanangu, wewe unajua mlango huo ni wa nani? Akasema anajua, mzee, ndiyo maana anauliza siku hiyo nitasimama nje na wenzangu au nitakuwa ndani, na kama nitakuwa ndani, niimbe karibu na dirisha ili sauti ifike barabarani. Jamani! Wembe ulikuwa shingoni, sikuweza hata kufoka.

7. Hatari ya jumla. Leo ni mlango wangu. Kesho ni mwenye duka anayepima kwa mzani wa ujanja, keshokutwa ni mwalimu mkuu, mtondo ni mwenye nyumba asiyeziba paa. Kila mshiriki ana mlango, Baba Askofu. Tukiifuata haki hivi hivi, itafika Jumapili hatakuwapo hata mmoja wa kuombewa, na sisi wazee tutakuwa tumekaa mabenchi ya mbele bila kazi. Kanisa lisilo na wanaoonewa litamhubiria nani? Nakuachia swali hilo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Haki ifanyike umbali usiopungua kilomita tatu kutoka kwa mzee wa kanisa yeyote aliye hai.

(b) Ushuhuda wa hadharani uimbwe na sauti ya kwanza peke yake, na wimbo wowote wenye neno "Fungua" uhamishiwe Pasaka, ambapo kinachofunguliwa ni kaburi na mwenye kaburi hayupo kujitetea.

(c) Mchungaji apewe uhamisho wa heshima, aende mahali ambako nyumba hazina namba.

(d) Likishindikana lote, basi turudishiwe ile sala ya zamani, hata mara moja kwa mwezi, kwa ajili yetu tulioizoea.

Naandika haya bila kinyongo, nikiwa mtumishi wako mtiifu niliyevunjika moyo kidogo. Nisalimie sana Mama Askofu, dereva wako, yule mama wa mapokezi anayekohoa, wachungaji wote wa ofisi kuu, na mlinzi wa getini aliyenitunzia mwavuli. Mama watoto angekusalimu, lakini kwa sasa salamu zake zinapitia kwenye Kamati.

Wako katika shamba la Bwana,

Mzee wa Kanisa, Besi

N.B. Barua hii niliiandika Alhamisi, na leo ni Jumamosi jioni. Ilikuwa bado mezani, kwa hiyo naongeza machache.

Kwaya imekuja leo saa nne kamili. Mimi nilikuwa ndani ya karakana pamoja na mafundi, nimejitia hamnazo, nakagua kola. Msimamizi, aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua mlango wa choo cha saa nne, alipoiona kwaya inakata kona, akili zikamruka. Akafunga kufuli kwa nje akakimbia, na ufunguo akaenda nao. Hajapatikana mpaka sasa, kuna anayesema amepanda basi. Nami tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai vikombe vinne kwa ajili ya kutuliza moyo. Choo kiko uani.

Dakika kumi za kwanza nilivumilia kiume. Dakika ya ishirini nilikuwa nimekaa nimepishanisha miguu, natokwa na jasho, na mafundi arobaini na wawili wananiangalia. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mshona kola akaniletea kiti chake akaniambia, baba, ukikaa kwa kuinama mbele kidogo inasaidia, sisi ndivyo tunavyofanya. Nilisikia aibu, Baba Askofu, ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Mwanamke mwenye mimba ananifundisha namna ya kukaa kwa sababu ameshajifunza kwenye mlango wangu.

Ubeti wa pili ukafika. Sauti zote nje zikanyamaza zikisubiri besi. Nikaenda dirishani nikaishika nondo nikaimba "Fungua" mara nane, na ya mwisho niliivuta mpaka nikaona nyota. Sikuwa naimba kwa ajili ya wimbo. Mwalimu wa kwaya anasema hajawahi kusikia besi yenye imani kama ile. Akatokea mwimbaji wa sauti ya tatu ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma, akaikata kufuli kwa msumeno. Zilikuwa dakika arobaini. Mlango ulipofunguka mafundi walinipisha nitoke kwanza, kwa heshima, na fundi wa vifungo akanishikia koti nikakimbia.

Kufuli nyingine sijanunua na sitanunua. Mlango unakaa wazi, na Jumatatu fundi wa kuchomea anakuja kutoboa wa pili upande wa uani. Kwa hiyo kuanzia malalamiko namba moja hadi namba saba, pamoja na maombi (a) hadi (d), tafadhali yafute. Salamu ziache.

Nikiwa bado pale uani, Mchungaji alikuja akaniuliza kama nina ombi la kesho. Nikasema ninalo. Nimempa mahali, mlango na saa: kiwanda cha uchapaji cha Dayosisi, ghorofa ya chini, chini kabisa ya ofisi yako, Baba Askofu, ambako mke wa mwenzangu wa besi anakunja karatasi kuanzia saa mbili, kufuli nje. Tunakuja Jumamosi ijayo saa nne. Mwenzangu bado ana matumbwitumbwi, kwa hiyo besi nitaimba mimi, na nakushauri kama baba yangu wa kiroho, siku hiyo usinywe chai.