Mtego wa Majimbi

Jumatatu, 10 Novemba

Fusae, mdomo wako ungekuwa sufuria ungekwisha toboka. Nani alikutuma umpigie mwanangu simu, umwambie kwamba wifi yako anazungumza na wali? Sizungumzi na wali. Nazungumza na mume wangu. Wali unakuwepo tu.

Sasa Mitsuaki kanipigia. Jumapili tunamaliza siku arobaini na tisa za baba yake, tunazika majivu, halafu nyumba inafungwa na mimi naenda kuishi kwao Osaka. Chinami, mkewe, amekwisha nisafishia chumba. Kina dirisha, anasema. Hata jela ina dirisha.

Siendi. Sababu siwezi kuwaambia, naiandika hapa. Siku ya mazishi bakuli la marehemu huvunjwa mlangoni, ajue hana tena wali katika nyumba ile, aende zake. Nilivunja bakuli. Watu wote walisikia. Lakini lilikuwa lile lenye ufa, la paka. La mume wangu Isaburo, la buluu, liko nyuma ya pipa la mchele. Kila asubuhi nalijaza na kumwekea na vijiti vyake vya kulia. Nikienda Osaka atakuja akute kufuli.

Nimesoma hadi darasa la sita tu, lakini akili ninayo. Chinami ni mtoto wa mjini. Jumapili, mbele ya mtawa wa hekaluni na jamaa wote, nitamwekea chakula kitakachomuumbua. Mitsuaki akimwona mkewe anachoma chakula kwa kijiti kama mtu anayevua kaa, ataona mwenyewe kwamba mama yake hawezi kula meza moja na mtu yule.

Jumatano, 12 Novemba

Chinami amefika peke yake, amekuja kusaidia. Kainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Sikudanganyika.

Nikamjaribu kwa samaki. Nilimchoma mzima, na kichwa chake, nikamwekea. Watu wa mjini wakimaliza upande wa juu humgeuza samaki kama chapati. Nikakaa nikisubiri.

Hakumgeuza. Alikula upande wa juu, akaunyanyua uti wa mgongo polepole kwa ncha za vijiti, akauweka kando ya sahani, akaendelea na upande wa chini. Ikabaki mifupa misafi kama kitana. Nikamwambia amebakiza shavu. Akala shavu. Akasema ni tamu, Mama.

Nimelala na hasira.

Ijumaa, 14 Novemba

Majimbi. Kwa nini sikuyafikiria tangu mwanzo?

Nimechagua madogo, ya duara, yale ambayo hata paka akiyakanyaga anaanguka. Nitayachemsha hadi yang'ae, niyamwagie mchuzi mzito. Pembeni uyoga wa utelezi. Pembeni tofu, ufuta uliosagwa ukagandishwa, unaotetemeka. Na vijiti nimetoa vile vya vanishi, vya harusi yangu, laini kama kioo. Chinami aliuliza kwa upole kama hatungetumia vya mbao vya kutupa, kwa kuwa vinashika vizuri. Nikamjibu hivyo ni vya kulia stesheni.

Tulimenya pamoja. Mikono ikaanza kumwasha, ikawa myekundu hadi vifundoni. Akaendelea kumenya. Nilimwacha hadi jimbi la kumi, kisha nikamsukumia siki aoshee. Mimi si mnyama.

Aliuliza kwa nini leo asubuhi kulikuwa na mabakuli mawili ya wali yaliyooshwa. Nikamwambia nina njaa ya uzee.

Jumapili, 16 Novemba

Siku yenyewe. Ubani, mtawa kasoma, majivu yameingia kaburini. Jiwe lilikuwa baridi. Nilimwambia Isaburo asiende mbali.

Kisha tukapiga magoti mezani. Nilimweka Chinami mkabala na mtawa, penye mwanga. Viganja vikakutana, tukashukuru, tukaanza.

Wa kwanza kuumbuka alikuwa Fusae. Jimbi lilimkimbia mara tatu, mara ya nne akalichoma katikati. Akaangalia kama nimeona. Nimeona.

Chinami akainua bakuli hadi karibu na kidevu, akalichukua jimbi kwa chini, kama mtu anayeokota yai, akala. La pili. La tatu. Hata tone la mchuzi halikuanguka. Mtawa akamsifu. Nikamwongezea la nne.

Halafu Mitsuaki. Ameketi kushoto kwangu, mahali pa baba yake. Anashika vijiti kama baba yake, kidole gumba juu mno, nilimgombeza hadi akaota ndevu. Jimbi lake liliruka. Mkono wangu haukuniuliza. Nililidaka hewani kwa vijiti vyangu, na yeye wakati huohuo akalibana kwa vyake.

Mezani watu wote wakaweka vijiti chini.

Watu wawili, kitu kimoja, vijiti vinne. Jambo hilo hufanywa mahali pamoja tu, mbele ya tanuri la kuchomea maiti, mifupa inapopelekwa kwenye chungu cha majivu. Mimi na Mitsuaki tulilifanya mwezi wa Septemba, tumesimama hivihivi, yeye kushoto. Na mimi ndiye niliyewachapa watoto wa ukoo huu vidole kwa kosa hilo.

Fusae akasema chinichini, ila si chini sana, "Haya, mwalimu wa adabu kafika."

Ningemjibu. Lakini nilikuwa namwona Isaburo. Miaka hamsini na miwili jimbi lilimkimbia, na miaka hamsini na miwili nililidaka hivyo, tukiwa wawili tu, hakuna wa kuona. Tukila huku tunacheka. Mitsuaki hakuachia. Mimi sikuachia. Akanitazama, nikajua kwamba na yeye anamwona baba yake.

Chinami ndiye aliyesogeza kisahani chake chini ya mikono yetu. "Weka hapa, Mama," akasema. "Limechoka."

Tuliachia. Mtawa akaomba chai.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza nani alimfundisha kula. Akasema, Baba. Mwaka ule alioolewa, Isaburo alimpeleka stooni, akamfunza kwa maharage yaliyolowa maji, kila siku hadi sikukuu ya Mwaka Mpya ikaisha, ili mama asipate pa kumshika. Mzee msaliti. Stooni aliniambia anatafuta nyundo.

Kisha Chinami akapangusa mikono, akaenda nyuma ya pipa la mchele, akalitoa bakuli la buluu. Alikwisha liona tangu Alhamisi. Akalikausha, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema kwenye kile chumba cha Osaka ametengeneza rafu ndogo, karibu na dirisha, na bakuli litaenea.

Nililia ndani ya karai. Kama aliona, alisema ni mvuke.

Jumatano, 19 Novemba

Jumamosi naondoka. Sikushindwa. Nimebadilisha uwanja tu. Majimbi yalikuwa kosa, alikwisha funzwa. Lakini maharage ya stooni hayamfundishi mtu kula tambi za moto mbele ya wageni bila kurusha mchuzi, na huko Osaka nitakuwa na siku zote. Nitaanza Jumatatu.

Sasa, Mitsuaki, sikiliza, maana nakuachia karatasi hii jikoni. Bakuli la buluu lisifungwe na vyombo vingine, nitalipakata mwenyewe kwenye treni. Ufunguo usimpe shangazi yako Fusae. Na kabla hujafunga, andika anwani ya Osaka, uibandike mlangoni. Andika kwa herufi kubwa. Miwani ya baba yako ninayo mimi.