Kitanda cha Sita

Jumatatu, 4 Juni 1956, Mbeya

Baridi. Miguu inauma. Miaka kumi na mmoja nafunga vidonda vya watu na bado naitwa dresa, basi. Mkuu wa wodi ya wanaume anastaafu mwisho wa mwezi. Daktari anatafuta wa kushika nafasi yake. Kuna mimi, na kuna Edmund, ambaye sifa yake ni mwandiko. Ndiye anayetunza daftari la wodi, na watu wote wa zamu hulitegemea. Daftari likifa, Edmund naye kwisha.

Nimemwambia Daktari kwamba watu wa zamu hawasemeshani, wanaandikiana tu kama mke na mume waliogombana. Kuanzia kesho, saa nane mchana, anayetoka amtajie anayeingia kila mgonjwa, kwa jina, kwa sauti, mbele ya kitanda. Daktari kaniita mtu wa maendeleo. Daftari nimelifungia kabatini. Ufunguo ninao mimi.

Jumanne, 5 Juni

Makabidhiano ya kwanza. Muuguzi Lusia, wa zamu ya asubuhi, kanitajia mimi wa zamu ya mchana kitanda cha kwanza hadi cha tano vizuri kabisa. Halafu akaruka hadi cha saba. Tena kapita mbio, uso kaugeuzia ukutani. Kwenye cha sita yuko mzee mgeni, kaletwa leo kutoka Tukuyu, kajifunika gubigubi, anakohoa. Nikauliza, na huyu je? Lusia kashaingia stoo ya mashuka.

Utaratibu ni utaratibu. Asiyetajwa hana dawa kwangu. Pengine kaja kupumzika tu.

Saa tisa akaja Isihaka, mfagizi. Eti kaagizwa na Lusia: mzee wa kitanda cha sita apigwe penisilini saa kumi. Nikamuuliza tangu lini ufagio unatoa maagizo ya dawa. Akaondoka na ndoo yake.

Jumatano, 6 Juni

Lusia karuka tena. Mzee anahema kwa shida. Nikamwambia Lusia mbele ya wodi nzima, mtaje. Akachuchumaa pale pale, akajifunika uso. Wagonjwa wa Kinyakyusa wakaguna kwa pamoja. Nikaona aibu, ila sikujua ya nini. Kwetu Iringa mtu akiulizwa hujibu.

Isihaka karudi. Kasema yule mzee ni baba mkwe wa Lusia, na kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami mkwewe wala halitaji jina lake. Nikamwambia mambo ya ukwe yaishie nyumbani, hapa hospitali. Kusema kweli niliogopa kidogo. Lakini nikimpiga sindano bila kutajwa, utaratibu wangu umekufa, na cheo nacho. Nikaenda kunywa chai.

Alhamisi, 7 Juni

Nimekuta Daktari na Edmund kwenye kitanda cha sita. Edmund kashika sindano. Kumbe jana Isihaka alipotoka kwangu alikwenda moja kwa moja kwa Edmund, nami nikiwa kwenye chai mzee akachomwa. Leo homa imeshuka. Anakunywa uji.

Daktari akaomba ufunguo wa kabati. Nikapekua mifuko yote, kumbe uko mkononi. Akaniuliza kwa upole kama niliambiwa. Nikasema sikuambiwa na mhusika. Isihaka alikuwa anadeki hapo hapo. Hakuinua kichwa. Afadhali angenitukana.

Daftari limefunguliwa. Lusia akaandika: kitanda cha sita, penisilini, saa kumi. Jina hakuna. Imetosha.

Jumamosi, 9 Juni

Edmund ndiye mkuu wa wodi. Mimi nahamishiwa zahanati huko Mafinga, nikafunge vidole vya wapasua mbao. Lusia kaniletea ndizi za njiani. Nimelia, mtu mzima mimi.

Jumatatu, 18 Juni, Mafinga

Zahanati ina chumba kimoja, mimi, na mfagizi Liberatus. Baridi kuliko Mbeya. Nimefikiri sana na kosa nimeliona: kule kila mtu alisema wakati anaotaka. Hapa nimeanzisha kikao, kila siku saa kumi, watu waseme kwa vyeo. Mimi kwanza. Leo muda umekwisha kabla Liberatus hajafikiwa.

Tangu hapo kanifuata mara tatu, ana jambo kuhusu jiko nilikobandika sindano zichemke. Nimemwambia asubiri kikao cha kesho. Nimechoka na watu wasiojua utaratibu.

Kuna harufu ya kitu kinaungua. Kesho nitamuuliza, zamu yake ikifika.