Kepteni Yuko Safari ya Kikazi

Jamani, leo nimeaibika. Siyo aibu ya kuchanika suruali, hiyo mtu unaifunika na shati maisha yanaendelea. Nimeaibika mbele ya banda zima la video hapa Bangwe, Kigoma, kipaza sauti kikiwa mkononi, na spika ya nje ikipeleka kila neno mpaka mwaloni, kule boti za wavuvi zinakotia nanga.

Kwa msiojua kazi yangu, mimi ni Sele, natafsiri filamu. Nakaa kwenye stuli pembeni ya televisheni, watu wanatazama picha, mimi nawaambia kwa Kiswahili wale Wazungu wanasema nini. (Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Nisipoelewa natumia busara.) Msimu wetu mkubwa ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpana dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na kuanzia saa tisa alasiri banda halina pa kukanyaga.

Tulikuwa tumemaliza ile tamthilia kubwa ya chombo cha angani, sizoni zote. Nikaletewa mtoto wake. Ndiyo, tamthilia imezaa! Wamechukua watu wachache wa ile ya kwanza, wakawapa chombo chao, wakawatuma msafara kwenda galaksi nyingine. Sisemi sayari nyingine. Galaksi nyingine kabisa, na hakuna aliyewaahidi kwamba watarudi.

Episodi ya kwanza sitaisahau mpaka nazikwa. Chombo kinatoka nje ya galaksi yetu, halafu mkuu wa msafara anaamuru kamera igeuzwe itazame nyuma. (Banda lilimwita Kepteni Mvi, kwa ajili ya nywele zake. Jina lake halisi lilinishinda kutamka.) Tukaiona. Nyota zote tunazozijua, jua letu, Kigoma, Ujiji, ziwa lote hili na kina chake, vyote vimo ndani ya kiwingu kimoja cheupe. Pembeni yake giza tupu. Nilitakiwa kutafsiri, nikashindwa, mwili mzima ulinisisimka.

Mzee Athumani, mvuvi aliyeanza kwenda ziwani kabla hajaota ndevu, akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu akauliza kwa sauti ndogo, "Hapo injini ikizima, mtu anamwita nani?" Hata wale wanaokulaga karanga kwa fujo walisahau kutafuna.

Siku hiyohiyo ndipo alipoingia Bibi Furaha. Bibi huyu wazazi wake walivuka kutoka Kongo, na anauza mawese njia ya mwaloni. Mumewe alikuwa nahodha wa boti ya mizigo. Alipotea ziwani miaka mingi iliyopita, boti na mwili havikuonekana. Tangu hapo Bibi ni mawese na nyumbani, nyumbani na mawese. Aliingia kwetu kuuliza makelele ya nini, akamwona Kepteni Mvi anapita kwenye korido ya chombo, akasimama. Akasema, "Anatembea kama mzee wangu." Kesho yake akaja na kigoda chake.

Basi akawa mtu wa banda. Akawa anacheka. Anamsonya adui, anamshauri Kepteni avae sweta. Majirani wakawa wananisimamisha njiani kunishukuru, eti nimemrudisha Bibi kwa watu. Nikavimba kichwa. (Nilianza kutembea kama daktari wa mkoa.)

Mbalamwezi iliyopita, episodi ya sita, Kepteni Mvi akafa.

Sikuwa nimeitazama kabla. Mlipuko, moshi, Kepteni anawasukuma wenzake nje anabaki yeye. Daktari anakuja, anamshika shingo, anatikisa kichwa, anamfunika shuka mpaka usoni. Mtoto mchanga angeelewa. Nikamtazama Bibi Furaha, mkono uko mdomoni. Nikaona kabisa anabeba kigoda chake, anarudi nyumbani na harudi tena. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Kepteni amechoka sana," nikasema. "Wamemfunika apate usingizi."

Sasa uongo wa filamu una shida moja, picha zinaendelea. Episodi ya saba chombo kizima kinalia. Nikasema mitambo ya hewa imeharibika, macho yanawawasha. Wakaweka kepteni mpya. Nikasema huyo ni kaimu, mwenyewe yuko safari ya kikazi. Wakatundika picha ya Kepteni ukutani na taa ndogo chini yake. Nikasema amechaguliwa mfanyakazi bora. Mkewe, aliyekuwa naye msafarani, akakabidhiwa bendera iliyokunjwa, anaipokea kwa mikono miwili. Nikasema Kepteni amemtumia kitenge. Hapo Mzee Athumani alikohoa kidogo. Bibi hakuuliza kitu. Nikajipongeza.

Kosa kubwa nililifanya juzi. Zilibaki episodi chache, na Bibi akanisimamisha njiani akaniuliza Kepteni anarudi lini. Nikamwambia Jumamosi, episodi ya mwisho. Kwani si galaksi nyingine? Huko lolote linawezekana. Nilijipa moyo kwamba watamfufua. Bibi akanitazama usoni, akasema, "Haya, mwanangu. Jumamosi tutakuja."

Jumamosi ndiyo leo.

Saa tisa Bibi Furaha akaingia na akina mama wanane. Wamejifunga kanga kiunoni, wamebeba mikeka, na masufuria mawili, moja la samaki migebuka kwa mawese, jingine la ugali wa muhogo. Nikajua wamekuja kumpokea Kepteni, wamepika kabisa. Wakatandika mikeka mbele, wakakaa miguu wameinyoosha. Nikawasha mashine huku namwomba Mungu amfufue Mzungu mmoja tu, sitaomba kingine mwaka huu.

Hakumfufua. Dakika ya arobaini chombo kikasimama kwenye ukingo wa ile galaksi mpya. Jamani, ningekuwa na maneno ningewapa. Ilijaa skrini nzima, imejizungusha, katikati inawaka rangi ya mawese mapya na kingo zake za buluu zinafifia kwenye giza. Msafara wote umesimama mistari miwili. Katikati yao sanduku refu. Wanakwenda kulisukuma nje, liingie kwenye ule mwanga ambao Kepteni alitoka mbali kuja kuuona na akaukosa kwa siku chache.

Nikainua kipaza sauti.

"Hii," nikasema, "ni mizigo."

Akina mama kwenye mikeka wakageuka kunitazama.

"Vifaa vya ofisi. Wanavipeleka mbele, wao watafuata."

Mkewe akasogea, akaweka kiganja juu ya sanduku, akaegemeza paji la uso hapo.

"Anahakikisha," nikasema, na sauti ikanikatika katikati. Nikajaribu tena. "Anahakikisha kama wamefunga vizuri."

Bibi Furaha akanyanyuka. Akaja mpaka kwenye stuli yangu, akanishika bega. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikamwaga kila kitu kwenye kipaza sauti: "Bibi, nisamehe. Kepteni amekufa. Alikufa mwezi uliopita, nikakuficha. Hakuna kikazi, hakuna kitenge, Kepteni wetu amekufa." Spika ya nje ikalipeleka hilo neno mwaloni kote, neno kwa neno.

Nikasubiri azimie. Bibi akanifuta uso na ncha ya kanga.

"Najua, mwanangu," akasema. "Wote tunajua. Alikufa siku ile ya moshi."

Nikageuka. Banda zima wanatikisa vichwa kwa huruma. Mzee Athumani akavua kofia yake. Ikabidi niulize kwa nini basi hawakuniambia.

"Tuliona wewe ndiye huwezi," akasema Bibi. "Mzee wangu alipopotea, shemeji yangu alikuwa anakuja kila wiki kuniambia ameonekana Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Mara yuko gerezani, mara anaumwa, mara anatafuta injini. Miaka minne. Mimi nilijua kutoka siku ya tatu. Nikawa nanyamaza, kwa sababu yule aliyekuwa ananieleza ndiye hakuwa tayari. Wewe nawe, kila ukimtaja Kepteni, sauti inakutetemeka. Juzi nilikuuliza anarudi lini nikupe nafasi ya kusema, ukanipa Jumamosi. Nikawaambia akina mama, huyu kijana amefiwa na hana mtu wa kumwambia. Tumpikie."

Jamani. Mnaelewa? Masufuria yalikuwa yangu. Mikeka ilikuwa yangu. Akina mama wanane walijifunga kanga kuja kukaa matanga na mimi. Mwezi mzima najiona mlinzi wa mjane, kumbe Bangwe yote inanilinda mimi, wanapokezana kunyamaza nisije nikavunjika.

Nilitaka kucheka, nikalia. Na nikalia kweli, si kwa kuigiza. Nilimpenda yule mzee, basi, mwenye kushangaa ashangae.

Bibi akaniambia nirudishe nyuma tumsindikize vizuri. Nikarudisha. Safari hii sikutafsiri. Sanduku likatoka taratibu, likawa dogo, likawa nukta, na ile galaksi nyingine ikalipokea bila haraka. Nimeona mambo mengi kwenye ile skrini, ila sijawahi kuona watu mia wanatazama kitu hivyo, wengine wamesimama, wavuvi wameshika vichwa. Bibi alikuwa bado ameshika bega langu. Akasema polepole, kama anazungumza na mtu mwingine, "Huyu angalau wamemwona akienda." Nikahisi vidole vyake vinabana, kisha vikaachia.

Hapo ningeomba kisa kiishe, ingekuwa heshima. Lakini spika, ndugu zangu. Nusu ya mwalo walikuwa wamesikia kwamba Kepteni amekufa, na huku kwetu makepteni ni watu, wana boti na wana familia. Dereva wa bajaji akaingia mbio kuuliza kepteni wa boti gani. Mmoja wa akina mama akamjibu kwa utulivu kwamba ni wa mbali, mfiwa ni yule pale kwenye stuli. Dereva akaja moja kwa moja, akanipa mkono wa pole, akaniambia nijikaze. Nyuma yake foleni. Watu ambao hawajawahi kutazama hata episodi moja. Wavuvi, wauza dagaa, shehe mmoja aliyekuwa anapita zake. Wananipa mkono, wananiuliza marehemu alikuwa nani wangu, na mimi kwa kwikwi naishia kuwajibu, "Tulifanya kazi pamoja."

Nimepewa migebuka mitatu, peke yangu, sahani ya mfiwa. Nimekatazwa kushika kazi mpaka Jumanne.

Kwa hiyo naomba asinicheke mtu. Na anayeona lazima acheke, anisubiri hadi Jumanne, matanga yatakuwa yameisha.