Kisu cha Baba na Ngumi ya Orbie

Jumatatu, 12 Septemba
Mimi mjinga! Mchana, ghalani kwenye tumbaku, Orbie, kibarua mwenzangu, alinyoosha mkono uliofumbwa akauliza nani mwanaume abadilishane naye visu bila kuonyeshana. Ngumi kwa ngumi, na ukishafungua kiganja hakuna kulia. Nikakubali. Nimepata kisu kilichovunjika nusu. Yeye kapata kisu cha kukunja cha baba, chenye mpini wa mfupa, alichonipa nilipoondoka milimani kuja kutafuta kibarua. Jumapili naenda nyumbani. Baba ataniomba kisu amenyee tufaha, kama kila safari. Nitamwambia nini?

Jumanne, 13 Septemba
Nimenunua kisu kipya, kinameta. Nikamchokoza Orbie: ngumi tena! Nilimwona kwa macho yangu akitia mkono mfuko wa kulia, kinamokaa cha baba. Akafungua kiganja: kikuukuu chenye kutu, hakifunguki hata kwa meno. Akanishukuru kwa kipya. “Cha mzee wako ni cha kazi, kaka, si cha kuchezea.” Mshenzi.

Jumatano, 14 Septemba
Mpango: kuazima, kisha kusahau kurudisha. Nikadai nina kibanzi kidoleni. Akanipa kisu kikiwa wazi, akasimama mbele yangu kama askari, kiganja mbele. Kibanzi hakikuwepo. Ikabidi nijitoboe kweli! Kwa uchungu nikakifunga ndipo nikamrudishia. Ghala zima likaguna. Kisu ulichopewa wazi hurudishwa wazi, la sivyo unaleta mkosi. Mzee Clell, msimamizi wetu, akauliza nimelelewa wapi. Nikasema nimelelewa na mwenye kisu hicho. Wakacheka. Kidole kimevimba.

Alhamisi, 15 Septemba
Nimemwambia Orbie mpini una ufa, mwezi hauishi utakuwa umepasuka. Kashtuka! Nikangoja anisukumie nikitupe. Akaenda kukipaka mafuta. Sasa kinang'aa kuliko kilivyowahi kung'aa kwangu, na ameapa hakitoi kwa yeyote. Kazi yangu hiyo.

Ijumaa, 16 Septemba
Nimeshindwa. Nikamweleza ukweli: Jumapili baba atakiomba kisu chake. Orbie akanitazama, akasema si ningesema tangu Jumatatu, kichwa maji we. Atanirudishia, ila nichukue nafasi yake kwenye boriti za juu, chini ya bati. Huko unaweza kuoka mkate. Nimetundika tumbaku kutwa, majani yananinata shingoni, vumbi puani, na Orbie yuko chini anakula tufaha na kuniambia nichangamke. Jioni akanipa. Ninacho!

Jumapili, 18 Septemba
Nyumbani. Maharage, mkate wa mahindi, baba kibarazani. Akaomba kisu. Nikampa wazi, kwa adabu. Akamenya tufaha, akakipangusa kwenye suruali, akasema angalau mwanawe mmoja anajua kutunza kitu. Akanirudishia wazi. Moyo ukatulia.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akautoa umefumbwa. “Haya, mwanangu. Ngumi kwa ngumi, au huko bondeni wamekufundisha uoga?”

Kila mtu kwetu anajua baba ana kisu cha marehemu babu, chenye mpini wa lulu. Kingekuwa nini kingine? Nikafumba changu kiganjani, tukabadilishana.

Ni kisu cha bati. Kile wanachogawa bure ukinunua mbegu, na hakina ncha. Baba alicheka mpaka kiti kikalia.

Si neno. Krismasi narudi, na kosa nimeshaligundua: nilitumia mkono wa kulia. Wa kushoto ndio wenye bahati.