Tipikanu Mlangoni Pangu

Jumatatu, 12 Oktoba 1840
Nimeipata kaulimbiu! "Tumchague tena Rais wetu kwa sababu ameilinda Hazina ya Taifa dhidi ya hila za mabenki." Haikosi kitu. Rais akishinda, nabaki bwana posta wa kijiji hiki cha Ohio. Akishindwa na mpinzani wake, Jenerali, watu wa Jenerali watampa mwenzao kazi yangu. Mke wangu Thirza akauliza nani atakumbuka yote hayo. Wanawake na siasa!

Alhamisi, 15 Oktoba
Watu wa Jenerali wamefika wakisukuma mpira mkubwa kuliko banda langu la kuku, umeandikwa "Tipikanu na Taila Pia!" Tipikanu ndiko Jenerali alikoshinda vita. Taila ni mgombea mwenza. Basi! Sera hakuna! Lakini nakiri, maneno hayo yanateleza mdomoni kama siagi. Kiongozi wao Obadia Crump, fundi mapipa, akaniuliza njia. Nikamwelekeza kinamasini. Mimi ndiye mimi!

Jumamosi, 17 Oktoba
Balaa! Maksai wameutoa mpira matopeni, ukawaponyoka mteremkoni, ukaja kutua mbele ya posta. Obadia kanishukuru: bila mimi wangepita mbali. Utakaa hapo mpaka barabara ikauke. Kila anayefuata barua anausoma. Wasiojua kusoma wanasomewa mara moja tu, wanaondoka wakiimba. Uchawi gani huu? Thirza anawauzia mikate ya tufaha.

Jumamosi, 24 Oktoba
Mkutano wetu. Nikapanda ngazi za posta kuzindua kaulimbiu. Kifua mbele, mkono juu. Nikafungua kinywa, ikatoka "Tipikanu na Taila Pia!" Tena kwa mdundo! Kofia zikarushwa hewani. Obadia akapiga kelele: rudia, mzee, umeipatia! Mwenyekiti wetu hakunipa hata mkono. Aliyetunga maneno yale simjui, lakini namvulia kofia. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa.

Jumanne, 10 Novemba
Jenerali kashinda. Posta anapewa Obadia. Nimelia, nyuma ya zizi. Thirza kanifuata na kikombe cha kahawa, akasema pole, mume wangu, maneno manne tu yamekung'oa.

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: sikutaja bei ya ngano, wala ushuru wa chumvi. Kaulimbiu ya uchaguzi ujao nimeianza leo. Niko ukurasa wa pili. Jina la mgombea litaingia ukurasa wa tatu.