Hodi ya Kutoka

Jumatatu, tarehe 6

Nimeiona! Ile nyumba yenyewe! Imepigwa kibao cha kuuzwa, tena kibao kimekaa upande. Ningekipiga mimi kingenyooka. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama mwizi wa kuku, moyo unadunda. Na mimi si mtu wa kudundwa moyo.

Ieleweke. Chumba cha nyuma cha nyumba hiyo ndimo nilimompeleka mke wangu siku tulipooana. Tulipanga hapo mpaka binti yetu akaota meno. Mlango wa chumba niliutengeneza mimi, kwa mikono hii, na seremala kama mimi mji huu haujazaa mwingine. Mlango wangu unafungukia nje, kwenye korido. Milango mingine yote inafungukia ndani. Watu walisema nimekosea kufunga bawaba kwa kiherehere cha harusi. Wajinga! Nilifanya makusudi, kitanda kienee.

Ila korido ni nyembamba, na mlango ulikuwa unagonga kila anayepita. Basi mke wangu akazua mtindo wake. Kabla hajatoka, anabisha hodi kutokea ndani. Aliye koridoni anajibu, "Karibu nje!" Watu wote duniani hubisha hodi wakiingia. Sisi tulibisha tukitoka.

Sasa ni mwaka wa pili tangu mke wangu atangulie. Karakana nimeuza, fedha ipo. Binti yangu, ambaye ni mkunga na amezoea kuwaambia watu wasukume, ananisukuma ninunue vyumba ghorofani karibu na kwake. Vina vigae vinavyong'aa. Nimemwambia nitafikiri. Nimeshafikiri. Nataka kufa nyuma ya mlango wangu.

Nimempigia dalali. Kabla sijamaliza kusema haloo, amesimama mbele yangu, ananiita baba. Hashikiki, habanduki. Nimempa jina: Gundi.

Jumanne, tarehe 7

Nimekwenda kuitazama. Nilijipanga tangu alfajiri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na dalali akisikia unaipenda nyumba, bei inaota mabawa. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuiponda.

Nimeiponda! Nilikunja uso tangu getini. Bati nikaliita chujio. Ukuta nikauliza kama una malaria, mbona unatetemeka. Uani ule mfereji bado upo, pale mke wangu alipokuwa akifulia na kuniimbia nyimbo za kunisuta, nikasema unanuka. Haukunuka. Gundi alikuwa anacheka na kuandika, anacheka na kuandika.

Tukafika chumba cha nyuma. Mlango wangu! Rangi imechunika lakini mbao haijapinda hata unywele. Mkono ukaenda wenyewe, ukainua komeo kidogo kabla ya kuvuta, maana bila kuinua haufunguki. Gundi akaniuliza, "Baba, umejuaje?" Nikamjibu fundi hujua. Nikaona ameanza kunichungulia machoni, basi nikaongeza chumvi. Nikasema aliyetengeneza mlango huu alikuwa kipofu ama mlevi, pengine vyote. Nikasema nyumba yenye mlango kama huu silali hata nikilipwa.

Ulimi uliniuma kidogo. Lakini hila ni hila.

Wakati wa kutoka chumbani nikajisikia nasema, "Hodi!" Gundi akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia nilikuwa nakohoa.

Jumatano, tarehe 8

Hila imekwenda mrama kidogo. Gundi ameamini kwamba nyumba ile siitaki. Amenizungusha mji mzima kuona nyingine. Kila moja iko dakika mbili kutoka barabarani. Dakika mbili za Gundi zimenitoa soli ya kiatu.

Nyumba ya kwanza, choo kinatazamana na meza ya chakula. Gundi akasema ni mtindo wa kisasa. Ya pili haina dirisha hata moja. Akasema ni ya baridi. Ya tatu ina mtu ndani, amelala, hajui kama inauzwa. Na kote huko ananiambia niharakishe, kuna mteja mwingine anaitaka. Nikamwambia huyo mteja mwingine tumekuwa naye tangu asubuhi, anitambulishe basi, anaonekana mtu mwenye subira.

Jioni nikapita kwa kinyozi. Kinyozi ni rafiki yangu, ama adui yangu, inategemea siku. Zamani zile alikuwa kapera, amepanga chumba cha mbele. Goti lake la kushoto lina kovu la mlango wangu, na hulionyesha kwa wateja kama cheti. Nikamweleza hila yangu yote. Akaacha mkasi. Akaniuliza kwa nini nisiende nikaseme tu kwamba naitaka kwa sababu alikuwa anakaa humo shemeji yake, yaani mke wangu. Nikamwambia mtu anayekata nywele asinifundishe biashara. Akanikata nywele. Vibaya.

Akasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengine labda. Mimi nitakichukua nimesimama.

Ijumaa, tarehe 10

Tangu jana nimezima simu. Nimejificha kwa binti yangu. Ukinyamaza, muuzaji anaingiwa na hofu, bei inashuka. Hii sijafundishwa na mtu, nimezaliwa nayo.

Gundi amenifuata! Sijui nani kamwelekeza. Nilimwagiza binti yangu aseme naumwa. Akamkaribisha ndani, akamwambia naumwa ukaidi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Gundi akaisalimia miguu yangu, "Shikamoo, baba." Miguu ikaitikia marahaba.

Amekuja na machungwa ya mgonjwa. Akala chakula chetu, akaosha vyombo, akarekebisha antena. Binti yangu akasema angalau yeye hufanya anachosema. Wakati wa kuondoka Gundi akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema nisiwe na wasiwasi, anaijua shida yangu na nyumba ile, na ameishughulikia. Nikalala usingizi mtamu. Bei imeshuka!

Jumamosi, tarehe 11

Mlango haupo.

Ameung'oa. Gundi. Amesimama pale koridoni, meno yote nje, ananionyesha mlango wa chuma wa kijani unaofungukia ndani. Akasema baba ulilia sana na ule mlango wa mlevi, nikaona nisikusumbue, nikamshawishi mama mwenye nyumba tukautoa. Akaufungua na kuufunga. Ulilia kama sufuria inayokwanguliwa.

Nikaingia chumbani. Nikakaa chini sakafuni, pale kilipokuwa kitanda. Jua linaingia vilevile, kwenye kona ileile mke wangu alipokuwa akiweka cherehani. Nilitaka kutoka, nikafungua mdomo, hodi haikuja. Hodi ya nini? Mlango wa kijani haumgongi mtu.

Vumbi likaniingia machoni. Macho yote mawili. Vumbi jingi.

Gundi si mjinga. Alichuchumaa mbele yangu akaacha kucheka. Akaniuliza taratibu, "Baba, hapa alikaa nani?" Nikamwambia vumbi. Akasema sawa, baba, vumbi lilikaa hapa miaka mingapi? Akaenda kuongea na mama mwenye nyumba, na aliporudi bei ilikuwa imepanda. Eti kwa ajili ya mlango mpya.

Nikauliza ule wa zamani uko wapi. Mama akasema ulitupwa uani, na asubuhi haukuonekana. Wauza kuni hupita mapema.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikula.

Jumanne, tarehe 14

Nimenunua. Kwa bei ya juu! Binti yangu alinisindikiza kwa mwanasheria, akaniuliza kama nina hakika, maana mlango wenyewe umeshakwenda. Nikamwambia kona ya cherehani haijakwenda.

Baada ya kutia saini, mama mwenye nyumba akaniangalia sana. Akaniuliza kama mimi ndiye mume wa yule dada mshonaji wa chumba cha nyuma. Kumbe yeye ndiye yule mtoto wa mwenye nyumba, aliyekuwa akija kukaa miguuni pa mke wangu kuokota vitambaa! Mke wangu ndiye aliyemfundisha kushona. Akashika kifua. Akasema mzee wangu, kwa nini hukuniambia? Kwa yule dada ningekupunguzia mpaka ukaona haya.

Binti yangu akanitazama. Gundi akatazama dari. Mimi nikatazama kiatu changu.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima na nimeligundua kosa lilipo. Sikuiponda vya kutosha.

Nimefika kwenye nyumba yangu jua likizama. Getini nimemkuta kinyozi amekaa juu ya mkokoteni, anafuta jasho. Juu ya mkokoteni mlango wangu! Mzima, na bawaba zake! Alikuwa anapita Jumamosi asubuhi, akauona umetupwa uani, akaubeba mgongoni mpaka saluni, na goti lilelile. Hakuniambia kwa kuwa alitaka kwanza kuona kama nitanunua.

Akasema atanipa kwa sharti moja: niseme mbele yake kwamba nilikosea bawaba. Nikamwambia mlango hauna kosa lolote, nyumba ndiyo imejengwa kinyume. Akacheka mpaka akashuka mkokotenini. Tukaubeba ndani.

Jumapili, tarehe 19

Nimehamia. Mlango wa kijani nimempa Gundi, amesema ana mteja. Mlango wangu nimeurudisha mahali pake. Binti yangu alikuja akasema angalau safari hii niufunge ufungukie ndani. Nikamwonya kuhusu heshima.

Jana alasiri kinyozi alikuja kunitazama. Nilikuwa chumbani nikipiga randa kizingiti. Nikasikia viatu vyake koridoni, mguu mmoja unaburuta. Nikasimama. Nikasema, "Hodi!"

Halafu sauti yake, imekwaruza, "Karibu nje, kaka. Goti nimelitoa."

Nikakaa kwanza. Vumbi la mbao.

Tukakaa kibarazani tukakumbushana. Jinsi mke wangu alivyocheka siku ya harusi alipousukuma mlango mara ya kwanza, akaketi kizingitini na nguo yake mpya, hawezi kuinuka. Jinsi alivyokuwa akibisha hodi hata usingizini. Kinyozi akasema kule anakopanga sasa hakuna anayebisha, si kuingia wala kutoka. Akageuza kofia mikononi, akaniuliza, taratibu kabisa, kama chumba cha mbele kina mtu.

Hakina mtu. Tangu nihamie nimekifagia kila asubuhi, kwa kuwa namtaka aje. Nyumba ni kubwa. Usiku nikibisha hodi hakuna wa kunijibu. Nilitaka kumrukia shingoni.

Lakini mimi si mtoto! Nikionyesha namtaka, ataanza kunipangia masharti, redio juu, nywele sakafuni. Nikakunja uso. Nikamwambia chumba cha mbele hakimfai, kina unyevu, na mtu mwenye goti bovu atateseka. Halafu nikamwambia akitaka afanye haraka, maana kuna mteja mwingine.

Akavaa kofia. Akasema, basi sawa, kaka. Akaondoka.

Leo mchana nimemwona barabarani na Gundi. Wanazunguka kutazama vyumba. Gundi anamwonyesha kwa kidole, nadhani anamwambia ni dakika mbili.

Nimejificha nyuma ya geti, nimecheka peke yangu. Hila imeshika! Simu nimeizima.